Taa tatu nyekundu: kisa cha Xbox 360 na hesabu ya waranti ya nyongeza

Chukua mnunuzi wa Marekani, Novemba 2006. Xbox 360, konsoli ya gemu ya Microsoft, ina mwaka mmoja sokoni. Ilianza kuuzwa huko tarehe 22 Novemba 2005. Anachagua ile yenye diski kuu, dola 399, na akifika kaunta anaulizwa kama ataongeza waranti ya duka. Miaka miwili, tuseme dola 60. Bei hiyo ni ya mfano, maana kila duka lilikuwa na yake; mwenye bei nyingine aiweke kwenye hesabu za chini na zitamtolea jibu lake. Waranti ya mtengenezaji siku ile ilikuwa siku 90 tu.

Kisa hiki kimechaguliwa kwa makusudi. Ni rahisi kumwambia mtu asinunue waranti ya nyongeza kwa mashine isiyoharibika. Xbox 360 za miaka ya mwanzo ziliharibika kuliko konsoli yoyote kubwa ya kizazi chake. Kama kuna mahali ambapo dola 60 za kaunta zilipaswa kurudi na faida, ni hapa.

Kilichotokea baada ya risiti

Mtengenezaji hakukaa kwenye siku 90. Tayari Septemba 2006 Microsoft ilikuwa imekubali kutengeneza bure mashine zote zilizotoka kiwandani kabla ya tarehe 1 Januari 2006, na kuwarudishia fedha waliokuwa wamelipia matengenezo. Desemba 2006 ikapandisha waranti ya Marekani na Kanada kutoka siku 90 hadi mwaka mmoja, na mabadiliko hayo yakawagusa hata waliokwisha kununua. Kisha tarehe 5 Julai 2007 ikatangaza miaka mitatu tangu siku ya kununua kwa kila mashine inayoonyesha taa tatu nyekundu, dalili ya hitilafu ya bodi, ikatenga kati ya dola bilioni 1.05 na 1.15 kwa kazi hiyo, na tena ikarudisha fedha za waliolipa. Aprili 2009 hitilafu nyingine, ile ya taa moja nyekundu na maandishi E74 kwenye skrini, ikaingizwa kwenye miaka hiyo hiyo mitatu.

Kwa mnunuzi wetu maana yake ni hii: alitoka dukani na siku 90, na mwezi uliofuata, bila kulipa senti, akawa na mwaka mzima. Ilipofika Julai 2007 alikuwa amelindwa hadi Novemba 2009 dhidi ya ugonjwa mkubwa wa mashine yake. Waranti ya duka aliyoilipia ingeisha Novemba 2008, mwaka mmoja kabla ya ile ya bure.

Peter Moore, aliyekuwa anaongoza kitengo cha Xbox wakati huo, alieleza baadaye kuwa kwenye ile bilioni moja na kitu alizomwomba Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, dola milioni 240 zilikuwa za usafirishaji peke yake, za kutuma maboksi matupu kwa wateja na kuyarudisha na mashine ndani. Kampuni haifanyi hivyo kwa huruma. Hufanya hivyo kwa sababu kasoro ikishakuwa ya kiwandani na ya watu wengi, kuikana kunagharimu jina zaidi ya kuitengeneza. Anayepima waranti ya nyongeza aanze na jambo hili: hitilafu inayovuma kuliko zote ndiyo yenye nafasi kubwa ya kubebwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kuzisoma taa

Mabishano mengi kwenye kaunta za madai yalianzia kwa mtu aliyesema tu "imewaka nyekundu". Duara la taa kuzunguka swichi lina vipande vinne, na idadi ndiyo inayosema. Taa nne nyekundu zilimaanisha waya wa picha haujachomekwa vizuri. Hiyo si hitilafu. Mbili ni joto kupita kiasi: zima, fungua nafasi ya hewa, subiri. Moja, ile ya chini kulia, ni kifaa fulani ndani, na skrini huonyesha namba inayoanza na E. Tatu ni hitilafu ya jumla ya bodi, na hiyo ndiyo iliyopata miaka mitatu.

Kabla ya kukubali kuwa ni tatu za kweli, angalia adapta, lile tofali kubwa la umeme lililo nje ya mashine. Lina taa yake: kijani ikiwa inafanya kazi, rangi ya chungwa ikiwa mashine imezimwa, nyekundu ikiwa adapta yenyewe ina tatizo. Ichomoe ukutani, iache ipoe, chomoa na diski kuu, kisha jaribu tena ukiwa umechomeka moja kwa moja ukutani bila eksitensheni. Mashine kadhaa zilizoonekana zimekufa zilikuwa na adapta mbovu tu.

Taa tatu zikibaki, kuna namba iliyofichwa ndani yake. Shikilia kile kitufe kidogo cha kuunganishia pedi bila kukiachia, kisha bonyeza na kuachia kitufe cha kutolea diski. Taa zitapepesa tarakimu ya kwanza: moja ni 1, mbili ni 2, tatu ni 3, zote nne ni 0. Bonyeza tena kwa tarakimu ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne; ukibonyeza mara ya tano zinarudi tatu kama mwanzo. Namba iliyotokea sana ni 0102, na ndiyo iliyowapeleka mafundi moja kwa moja kwenye chipu ya michoro.

Kilichokuwa kinakatika

Chipu ya michoro ilikaa chini ya kiendeshi cha DVD, kwa hiyo kipoza joto chake kilibanwa kuwa kifupi na bapa. Chipu kuu jirani yake ilipewa kipoza kirefu chenye bomba la kupitishia joto. Feni mbili za nyuma zilivuta hewa ya zote mbili kupitia mfereji mmoja wa plastiki. Chini ya bodi, vibano vya chuma vyenye umbo la X vilivuta kila kipoza kiikalie chipu, na mvuto huo ulitaka kuikunja bodi kidogo kila ilipopata joto.

Kwa miaka mingi maelezo ya mtaani yalikuwa kwamba vitone vya lehemu kati ya chipu na bodi vinapasuka, hasa kwa kuwa lehemu mpya isiyo na madini ya risasi ni ngumu na haipindi vizuri. Mwaka 2021 Microsoft yenyewe ilieleza kwa undani zaidi: miunganisho iliyokuwa inavunjika ilikuwa ndani ya kifaa chenyewe, na kilichoivunja si joto kali peke yake. Kilikuwa kupanda na kushuka kwa joto, kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Kila mzunguko unanyoosha na kurudisha, hadi kiunganishi kinachoka. Ndiyo maana mashine ingeweza kulala nzima na kuamka na taa tatu.

Maelezo hayo yanafafanua ujanja wote uliosambaa. Kuifunga mashine taulo na kuiacha iwake kuliifufua kweli, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na ufa ukafumba. Kikipoa, ufa unarudi, na katikati ya hapo umeichemsha kila sehemu nyingine ya bodi na kuweka kitambaa juu ya mashine ya moto. Kubadilisha vibano vya X kwa boliti na washa kulipunguza mkunjo wa bodi, na wapo waliopata miezi. Kupiga chipu kwa bunduki ya hewa ya moto ni taulo la kitaalamu. Hata fundi mwenye mashine nzuri ya kung'oa chipu na kuipanga upya vitone vya chini, kama chipu ni ile ile ya zamani, ameshona upande wa nje wa nguo iliyochanika bitana. Dawa ni chipu yenyewe kubadilika, au bodi.

Na ukishafungua, umevunja stika ya Microsoft iliyo mbele ya kasha, nyuma ya uso wa plastiki. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaonya watengenezaji, Microsoft wakiwemo, kwamba stika za namna hiyo haziwezi kutumika kufuta waranti kihalali. Mwaka 2007 hakuna aliyekuwa na onyo hilo mkononi, na mashine iliyofunguliwa ilirudishwa ilivyo.

Hesabu yenyewe

Agosti 2009 kampuni ya SquareTrade, inayouza waranti za nyongeza, ilichapisha takwimu za konsoli zaidi ya 16,000 za wateja wake. Ndani ya miaka miwili, Xbox 360 zilizoharibika zilikuwa asilimia 23.7, PlayStation 3 asilimia 10, Wii asilimia 2.7. Ukiziondoa taa tatu nyekundu, Xbox 360 ilibaki na takriban asilimia 12. Muuza waranti ana sababu ya kupenda namba kubwa, lakini pia wateja wengi wenye taa tatu walikwenda Microsoft moja kwa moja bila kupita kwake, kwa hiyo namba hiyo haikosei upande mmoja tu. Tuitumie.

Kwanza ondoa mwaka unaojirudia. Waranti ya duka ya miaka miwili huanza kuhesabiwa siku ya kununua, si siku ile ya mtengenezaji inapoisha. Mnunuzi wetu, baada ya Desemba 2006, alikuwa na mwaka wa bure; kwa dola 60 amenunua mwezi wa 13 hadi wa 24, basi. Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana karatasi inaandikwa "miaka 2" kwa herufi kubwa.

Chukulia nusu ya hitilafu huangukia mwaka wa pili: kama asilimia 12. Matengenezo nje ya waranti yalikuwa yanatozwa dola 130 hadi 140 hivi. Asilimia 12 ya 140 ni dola 16.80. Hiyo ndiyo thamani ya kinga kama Microsoft isingeongeza chochote Julai 2007. Iliongeza, na nusu ya hitilafu hizo ikaondoka mikononi mwa duka. Ikabaki kama asilimia 6, yaani dola 8.40. Kwa dola 60.

Sasa geuza swali. Waranti ya dola 60 inajilipa pale tu uwezekano wa kuharibika ndani ya kipindi kilichonunuliwa unapofika bei yake ikigawanywa kwa hasara. Hasara ikiwa dola 140, ni asilimia 43. Hasara ikiwa mashine nzima ya dola 399, kwa sababu hakuna wa kuitengeneza, ni asilimia 15. Tazama umbali uliopo kati ya 43 na 15. Kinachoamua zaidi si mashine inaharibika mara ngapi. Ni ikiharibika utalipa nini. Penye matengenezo ya bei nafuu waranti ya nyongeza haina nafasi. Pasipo na matengenezo inaanza kukaribia haki, na hata hapo, kwa mashine mbovu kuliko zote, asilimia 12 haijafika 15.

Kulikuwa na ulinzi mwingine ambao karani hautaji. Kadi nyingi za mkopo za Marekani wakati ule zilirefusha waranti ya mtengenezaji kwa hadi mwaka mmoja, bila malipo, kwa kitu kilicholipiwa kwa kadi hiyo. Ni mwezi wa 13 hadi wa 24 ule ule. Ulaya mambo yalikuwa mengine kabisa: sheria ya Umoja wa Ulaya inambana muuzaji kwa miaka miwili tangu kukabidhi bidhaa, iwe kuna waranti iliyouzwa au hakuna. Uingereza mtu anaweza kumdai muuzaji hadi miaka sita, mitano huko Scotland, ingawa baada ya miezi sita mzigo wa kuonyesha kuwa kasoro ilikuwepo tangu mwanzo ni wa mnunuzi. Huko Uingereza pia, tangu mwaka 2005, anayeuziwa waranti ya nyongeza ya kifaa cha umeme cha nyumbani kwa zaidi ya mwaka mmoja ana siku 45 za kuifuta na kurudishiwa fedha zake zote kama hajadai. Aliyebanwa kaunta hana haja ya kubishana pale. Afute akiwa nyumbani.

Pale ambapo dola 60 zilifanya kazi

Haitakuwa haki kuishia hapo. Mwanzoni mwa 2008 mnunuzi wetu ana mashine ya miezi 14. Taa ni kijani, lakini kiendeshi cha DVD hakisomi, au trei inagoma kutoka. Hilo halimo kwenye miaka mitatu ya Microsoft. Ile ilikuwa ya taa tatu, na baadaye E74, si zaidi. Mwaka wa bure umeisha. Hapa aliyelipa dola 60 anatabasamu na asiyelipa anatafuta 140, au kiendeshi cha mtumba. Kiendeshi chenyewe kina mtego: bodi yake ndogo ya umeme imefungamanishwa na bodi kuu kwa ufunguo wa siri, kwa hiyo kukibadilisha chote hakusaidii. Fundi anahamisha bodi ya kile cha zamani au anabadilisha jicho la leza peke yake. Diski zilizokwaruzwa kwa mashine kusogezwa ikiwa inazunguka, hilo hakuna waranti iliyolibeba.

Faida nyingine ilikuwa muda. Boksi la Microsoft lilichukua wiki kadhaa kwenda na kurudi. Waranti ya duka ya aina ya kubadilishiwa kaunta ilimaliza jambo mchana mmoja. Kwa anayecheza kila jioni muda huo una bei, na kila mtu anaijua ya kwake. Lakini soma kifungu cha mwisho: nyingi za aina hii huisha mara tu mashine inapobadilishwa. Ya pili unatoka nayo bila kinga ya duka.

Mashine mpya ilileta na usumbufu wake. Gemu zilizopakuliwa zilisajiliwa kwa mashine na kwa akaunti. Kwenye mashine nyingine zilifunguka tu mwenye akaunti akiwa ameingia mtandaoni, na ndugu yake mwenye akaunti nyingine akafungiwa nje. Hadi Juni 2008 Microsoft ilipotoa njia ya kuhamisha leseni, mteja alilazimika kupiga simu. Aliyebadilishiwa haraka dukani kabla ya hapo mara nyingi alipata mashine siku hiyo na gemu zake baada ya wiki.

Ukiikuta mtumba

Mashine hizi bado zinazunguka, na stika ya nyuma inasema yote kwa anayejua kuisoma. Tafuta ampea kwenye volti 12. 16.5A ni kizazi cha kwanza au cha pili. Kama haina tundu la HDMI ni cha kwanza kabisa, kiache. 14.2A ni ya kuanzia mwishoni mwa 2007, yenye chipu kuu iliyopunguzwa joto. 12.1A ni ya mwishoni mwa 2008, chipu ya michoro nayo imepunguzwa, na tofauti ya uimara hapo ni kubwa. Ile nyembamba ya Juni 2010 na kuendelea iliunganisha chipu hizo mbili kuwa moja, na ugonjwa wa taa tatu ukaisha nayo.

Adapta hazibadilishani ovyo. Ile kubwa ya wati 203 inaingia kwenye zote za umbo la zamani. Ya wati 150 inaingia kwenye ile ya 12.1A peke yake. Na iliyotoka Marekani adapta yake ni ya volti 100 hadi 127. Ukiichomeka kwenye 230 ya Dar es Salaam au 240 ya Nairobi, unaweza kuiua dakika hiyo hiyo, na huo si uharibifu wa kudai kwa mtu yeyote. Tafuta adapta ya Ulaya au Uingereza, au transfoma ya kushusha umeme isiyopungua wati 300.

Kwa konsoli ya leo inayonunuliwa Dubai na kufunguliwa Mombasa, hesabu inabadilika sehemu moja: waranti ya mtengenezaji mara nyingi inashikwa na nchi au kanda ya mauzo, hivyo ule mwaka wa kwanza wa bure huenda ukawa haupo kwako. Uliza kabla ya kulipa nani anapokea mashine, mji gani, na nani analipia mzigo. Jibu likiwa "ilete hapa dukani", taka namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iandikwe kwenye risiti na mhuri, pamoja na kama utatengenezewa, utabadilishiwa au utarudishiwa fedha. Waranti ya duka jirani yenye maandishi hayo ina maana kuliko ya mtengenezaji aliye ng'ambo. Uharibifu wa umeme kupanda na kushuka huwa nje ya karibu zote, kwa hiyo sehemu ya fedha za waranti iende kwenye kifaa cha kukata umeme unapozidi.

Mwenye kibanda cha gemu asinunue kabisa. Waranti za PlayStation za Marekani, kwa mfano, zinatoa nje matumizi ya biashara, ikiwemo kukodisha, na za maduka huiga maneno hayo. Mashine inayowaka saa 12 kwa siku kwa malipo itakataliwa mara fundi wa madai akiona vumbi lililojaa kwenye feni. Bei ya waranti kwa mashine 4 inatosha kuweka pembeni pedi mbili za akiba na adapta moja, na hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza.